Siku tulipongoja gari la moshi ku Kigoma



Wanafunzi wenye kupanga gazeti letu waliniomba niandike juu ya vakansi. Walisema: «Mwalimu, utuandikie safari moja, lakini isiwe somo la jeografia.» Nilikubali. Lakini mwalimu wa historia na jeografia ni kama muvuvi: hata akienda kutembea tu, macho yake iko ku maji. Kama somo litaingia kidogo, mulivumilie.

Nitawaelezea siku moja tu, ya mwezi wa 7 mwaka wa 2012, siku tuliyopitisha ku Kigoma, mimi na bibi yangu. Tulitaka iwe siku ya kutembea na kuangalia mambo ambayo nilifundisha miaka mingi bila kuyaona. Tuliangalia kidogo. Tulingoja sana.

Kwanza mujue sababu ya safari. Bibi yangu ana mama mudogo, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Wakati wa vita ya 1996 watu wengi wa Kivu ya Kusini walivuka ziwa Tanganyika na kukimbilia upande wa Kigoma. Yeye naye alivuka. Wengine walirudi nyuma ya miaka, lakini yeye aliolewa na mutu wa Tabora, akabaki kule. Ikapita miaka 16, wakisikilizana kwa simu tu. Mwanzo wa mwaka ule wa 2012 alimwambia bibi yangu: «Mwanangu, macho yangu inaanza kuzimika. La kushoto limekwisha. Kuja nikuone na hili lenye kubaki.»

Neno hilo liliingia katika nyumba yetu na halikutoka tena. Tuliweka feza kidogo kidogo, tukauza mbuzi mbili, tukapanga hesabu. Kuvuka ziwa kutoka Kalemie mpaka Kigoma, kisha gari la moshi mpaka Tabora, ni kilometa karibu 400. Gari la kurudi lilikuwa na siku yake, na mashua ya kuvuka nayo ilikuwa na siku yake. Kwa hiyo tulikuwa na siku mbili za kukaa Tabora, hakuna ya kuongeza. Muzishike hizo siku mbili katika kichwa, maana habari yote inategemea hapo.

Tulifika Kigoma asubuhi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kusogeza saa yangu, maana Tanzania iko mbele ya mashariki ya Kongo kwa saa moja. Bibi yangu akasema: «Ona, hatujaweka hata muzigo chini, wamekwisha kutukata saa moja.» Nilicheka. Mbele ya jioni kicheko kilikuwa kimekwisha.

Tulienda moja kwa moja kununua tikiti. Stesheni ya Kigoma ni nyumba kubwa ya wakati wa Wajerumani, chini ya muji, karibu na ziwa. Wajerumani walianza njia hiyo ku Dar es Salaam mwaka wa 1905. Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Ku upande wetu Wabelgiji walifikisha reli yao ya kutoka Kabalo mpaka Kalemie mwaka wa 1915. Hivyo njia mbili ziliangaliana, ziwa katikati.

Ku dirisha nilisema: «Ninaomba tikiti mbili za Tabora, yangu na ya bibi yangu.» Yule kijana aliangalia nyuma yangu, akauliza kwa heshima: «Bibi mwenyewe yuko wapi, mzee? Kama hawezi kupanda juu, nimtafutie kitanda cha chini.» Kumbe kwao bibi ni mama muzaa mama, ao mama muzaa baba. Sisi Wakongomani tukisema bibi tunataka kusema muke. Bibi yangu, aliyekuwa na miaka 38, akasogea mbele, akasema: «Yule bibi ni mimi.» Musitari muzima ulicheka, na kijana naye. Halafu akatueleza kama katika daraja la pili wanaume wanalala chumba chao na wanawake chumba chao, isipokuwa ukinunua chumba kizima. Chumba kina vitanda 6. Sisi tulikuwa wawili. Basi tulikubali kutengana, tuliooana mbele ya kanisa.

Nikauliza: «Gari litaondoka saa ngapi?»

«Saa kumi na moja jioni. Lakini fikeni saa tisa, msichelewe.»

Ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Tulikuwa na masaa sita ya kutembea.

Tulipanda ile barabara kubwa ya muji, yenye miembe ku pande zote mbili. Inaitwa jina la Lumumba. Bibi yangu alisimama kuangalia jina hilo, akasema: «Huyu alifika mbele yetu.» Kisha tulishuka bandarini, maana nilitaka sana kumwonyesha meli ya Liemba. Wanafunzi wangu wa zamani wanajua namna ninavyoipenda hadisi yake. Wajerumani waliitengeneza ku Papenburg, kwao Ujerumani, wakaipangua vipande vipande, wakaileta katika masanduku, na ku Kigoma wakaiunganisha tena na kuishusha majini mwaka wa 1915. Mwaka wa 1916, walipoona kama watashindwa, waliizamisha wenyewe, lakini walipaka mashini yake mafuta mengi ili isiharibike. Waingereza waliitoa chini ya maji mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kubeba watu tena, kwa jina jipya la Liemba.

Nilieleza hayo yote tukitembea. Tulipofika, mutu mumoja akatuambia: «Liemba? Imekwenda kusini, upande wa Mpulungu.» Palibaki maji tu. Bibi yangu aliangalia yale maji kwa muda, akasema: «Umenileta kuona pahali inapolala.»

Basi twende Ujiji. Ujiji si mbali, lakini daladala, ndiyo motokari yao ya watu wote, haiondoki mpaka ijae. Tulikaa ndani yake zaidi ya nusu saa, jua likipiga bati. Ilipojaa, ikapasuka mupira njiani. Tulifika Ujiji saa saba imepita.

Pale Ujiji kuna jiwe la ukumbusho chini ya miembe, pahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka wa 1871. Katika nyumba ya pembeni kuna sanamu mbili, urefu wa mutu kamili, wanavuliana kofia. Muzee mumoja alitupokea, akatuketisha kivulini. Alikuwa mwenye kujua, na hakuwa na haraka. Alianza mbali, kwa misafara ya pembe na ya watumwa yenye kutoka Manyema, kuvuka ziwa, kupita Ujiji na Tabora, mpaka pwani. Akaeleza kama Livingstone, mbele ya kurudi Ujiji, alikuwa Nyangwe, ku muto Lualaba, na tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 1871 aliona kwa macho yake watu wakipigwa bunduki sokoni.

Bibi yangu aliinua kichwa. Baba yake ni mutu wa Maniema. Akauliza: «Wale wa Nyangwe waliobaki, walipitishwa hapa?» Muzee alimwangalia vizuri. «Mama, hayo ni maneno marefu. Kaeni. Tukimaliza hapa nitawaonyesha njia waliyopita kutoka ziwani.»

Nikaangalia saa. Ilikuwa saa nane kasoro robo, na ku dirisha walituambia saa tisa. Bibi yangu naye aliona saa. Tulisema maneno machache pembeni na kukubaliana, sisi wote wawili: mama mudogo ndiye sababu ya safari, tusichezee gari. Tukaaga. Muzee alishangaa: «Treni ya leo? Mngekaa tu.» Lakini hakujua kitu, alisema vile tu, na sisi tulikuwa na tikiti mukononi. Ile njia hatukuiona.

Saa tisa kamili tulikuwa stesheni. Watu walikuwa wengi, na magunia, na majerikani ya mawese, na vikapu vya dagaa, ndiyo ndakala wetu wenye kubadilisha jina. Saa kumi na moja ikafika. Gari hapana. Dirisha lilikuwa limefungwa. Ukimkuta mufanyakazi anapita, anajibu bila kusimama: «Inakuja.» Saa kumi na mbili: «Inakuja.» Saa moja ya usiku: «Iko karibu.»

Ningependa kuwaeleza vizuri namna watu walivyokuwa katika masaa yale, maana hapo ndipo nilijifunza kitu. Hakuna mutu aliyekula, kwa sababu chakula kilikuwa inje na gari «liko karibu». Mama mumoja mwenye watoto watatu aliogopa hata kuwapeleka chooni. Mutoto akilala, mama yake anamwamsha: «Usilale, gari linakuja.» Tena maneno yalianza kuzaliwa. Mumoja alisema mashini imekufa. Mwingine alisema wanangoja mukubwa fulani. Wa tatu alisema hakuna safari mpaka kesho kutwa. Kila neno jipya liliamsha watu wote, wakasimama, wakakamata mizigo, wakakaa tena. Watu wawili walitukanana juu ya pahali pa kuweka gunia.

Na sisi je? Sisi tulinyamaza. Kisha bibi yangu akasema, bila kuniangalia: «Masaa haya yote ningeyakaa Ujiji. Ningesikia habari ya watu wa baba yangu.» Nilijibu: «Tulikubaliana wawili.» Ilikuwa kweli, lakini haikusaidia. Tuliketi ku gunia moja, kila mutu akiangalia upande wake. Nyuma ya miaka 14 ya ndoa munaweza kujua kama ukimya ule haukuwa wa kupumzika.

Lililokuwa likimwumiza zaidi ni jambo lingine. Mama mudogo alikuwa amesema kama kabla ya jua kutoka atakuwa ku stesheni ya Tabora, mujukuu wake akimshika mukono. Kama gari halifiki, muzee yule mwenye jicho moja atakaa ku simenti tangu alfajiri, bila kujua kama tunakuja, ao tumeanguka majini, ao tumerudi. Simu yetu ilikuwa imezimika. Na hata ingekuwa na moto, tungemwambia nini? «Inakuja»?

Saa tatu ya usiku mulinzi wa stesheni, mutu muzima mwenye koti la baridi na tochi, alipanda juu ya ubao wa kukalia. Hakupaza sauti sana. Alisema:

«Wasafiri, nisikilizeni. Mimi si mkubwa hapa, ni mlinzi. Lakini nimeuliza mpaka nimejibiwa. Kuna behewa la mizigo limetoka relini, mbali huko. Njia ni moja tu, haliwezi kupitwa. Treni yetu iko nyuma yake. Haitafika hapa kabla ya saa tisa za usiku. Basi kuleni, laleni. Ikifika, nitawaamsha mimi mwenyewe.»

Nilifikiri watu watamrukia. Habari yake ilikuwa mbaya: masaa sita tena! Lakini hakuna aliyelalamika. Kulipita pumzi moja kubwa, kama mutu anayetua muzigo kichwani. Mama mwenye watoto watatu akawapeleka chooni. Wengine wakaenda kununua ugali. Wale wawili waliotukanana waligawana sigara. Vitenge vilitandikwa, na nyuma ya nusu saa stesheni nzima ilikuwa nyumba ya kulala. Gari lilikuwa mbali vile vile. Kitu kimoja tu kilibadilika: tulijua.

Mufanyabiashara mumoja wa Kasulu alituazima simu yake. Bibi yangu akapata Tabora, akasema: «Mama, usitoke alfajiri. Ulale. Uje saa kumi za jioni.» Aliporudisha ile simu alikuwa mutu mwingine. Akaninunulia chai, akakaa karibu nami.

Ndipo nilimwambia mwisho wa habari ya Ujiji, ule ninaoujua mimi, maana ule wa muzee tuliuacha. Livingstone alipofika Ujiji mwezi wa 10 mwaka wa 1871, alikuta vitu vyake vyote vimeuzwa na mutu aliyepashwa kuvichunga. Alikuwa mugonjwa, na kwa muda murefu hakupata barua za kwao. Stanley alitoka karibu na Tabora mwezi wa 9, akatembea kwa miguu zaidi ya mwezi mumoja na nusu ile njia ambayo sisi tulitaka kuipita kwa usiku mumoja. Alimletea nguo, chakula na dawa, na pamoja navyo mufuko wa barua. Bibi yangu akauliza: «Unafikiri alifurahi zaidi juu ya kipi?» Nikamwambia auliwaze usiku wake mwenyewe. Akacheka kidogo, akalala.

Saa tisa na robo gari lilifika. Yule mulinzi alipita na tochi yake, mutu kwa mutu, akigusa bega: «Mzee, amka. Mama, amka.» Alituamsha wote kama alivyosema. Saa kumi na nusu tuliondoka, bibi yangu katika chumba cha wanawake, mimi katika cha wanaume, ukuta katikati. Alipiga ukuta mara mbili kwa kidole. Nikajibu mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa vakansi yetu ya watu wawili.

Tulifika Tabora saa kumi na moja kasoro ya jioni. Mama mudogo alikuwa pale, amekuja muda mufupi tu mbele yetu, kwa sababu alikuwa ameambiwa. Alishika uso wa bibi yangu kwa mikono miwili, akaugeuza polepole upande wa jua, ili jicho lake la kuume limwone vizuri. Hakusema kitu kwa muda murefu. Na mimi nilienda kuhesabu mizigo, ijapokuwa ilikuwa miwili tu.

Katika siku zetu mbili, moja ilikuwa imekwisha. Mwaka wa 2014 lile jicho nalo lilizimika. Kwa hiyo sitawaambia kama kuchelewa si kitu, ao kama yote yaligeuka kuwa mazuri. Ile siku ilikatwa na haikurudi.

Lakini ninasema hivi: mutu anaweza kubeba masaa kumi na mbili, kama anajua ni kumi na mbili. Hata mawili hawezi kuyabeba, kama hajui yatakwisha lini. Yule mulinzi hakuwa na nguvu ya kuleta gari. Alikuwa na neno moja la kweli; alikwenda kulitafuta, akalitoa, na saa tisa akalitimiza. Wale wenye kutujibu «inakuja» labda walifikiri wanatufariji. Walitunyima chakula, na usingizi, na Ujiji yetu.

Na hapa ku masomo yetu, ni nani anayengoja? Muzazi aliyetembea tangu asubuhi kuonana na mukubwa, anaambiwa «anakuja». Mwanafunzi anayengoja pointi zake. Darasa linalongoja mwalimu. Mwalimu anayengoja mushahara. Rafiki aliyekuazima kitabu, na wewe unamwambia «kesho» kila siku. Siku moja wengi kati yenu mutakaa nyuma ya dirisha fulani: la posta, la hospitali, la ofisi, labda la gari la moshi. Gari halitakuwa mikononi mwenu. Neno litakuwa mikononi mwenu. Kama unajua, sema, hata ikiwa ni mbaya. Kama haujui, sema kama haujui, kisha uende kuuliza.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa tano: kazi zenu za ramani sijamaliza kuzisahihisha, na mutazipata Jumatano, saa ya pili. Nimekwisha kuandika siku hiyo ku ubao.

Mwalimu wenu wa historia na jeografia